Moto, Mbao na Gitaa: Je, Kila Mateso Yanamkomaza Mtu?



Leo somo letu linatupeleka kwenye karakana ya mafundi wa magitaa. Usishangae. Wengi wetu tunapiga gitaa kwaya na kwenye mikesha ya vijana, lakini wachache tunajua kwamba siku hizi mbao za baadhi ya magitaa huokwa kwa joto kali kabla ya kuundwa. Tujifunze kwanza kazi yenyewe, halafu tutaliuliza lile swali ambalo vijana wananirudia nalo kila mara: ni kweli kila mateso yanamkomaza mtu?

1. Kwa nini ubao uokwe?

Sauti ya gitaa inategemea sana ubao wa uso, ule wenye tundu. Mara nyingi ni wa sprusi, mti wa jamii ya misonobari unaoota nchi za baridi. Huchongwa hadi unene wa milimita 3 hivi au pungufu, na nyuzi sita za chuma huuvuta kwa nguvu inayofika takriban kilo 70 kwa jumla.

Ubao mwembamba namna hiyo ukinywa unyevu, unavimba. Ukikauka mno, unasinyaa na hata kupasuka. Toa gitaa Tanga, lipeleke Dodoma wakati wa kiangazi, utaona: uso unabonyea, nyuzi zinasogelea shingo na kuanza kukoroma.

Chanzo kiko ndani ya ubao. Ubao umejengwa kwa vitu vikubwa vitatu: selulosi, lignini na hemiselulosi. Selulosi ni kama nondo, lignini ni kama zege. Hemiselulosi huziunganisha hizo mbili, nayo ndiyo inayopenda maji kuliko wenzake. Miaka mingi ikipita, hemiselulosi huvunjika polepole na utomvu hukauka. Hiyo ni sababu mojawapo inayotajwa watu wanaposifia sauti ya magitaa ya miaka ya 1930. Sasa fundi anajiuliza: nisubiri miaka 80?

2. Kazi inavyofanyika

Fundi huanza na ubao ambao tayari umekaushwa. Unaingizwa kwenye chemba iliyofungwa, hewa inaondolewa au nafasi yake inachukuliwa na mvuke. Joto linapandishwa taratibu, mara nyingi hadi kati ya nyuzijoto 150 na 200 za Selsiasi. Baadaye linashushwa, nalo taratibu vilevile, na ubao unaachwa urudishe unyevu kidogo. Ufini waliendeleza njia ya namna hii katika miaka ya 1990 kwa ajili ya mbao za majengo. Leo kampuni za magitaa kama Martin na Yamaha zina njia zao.

Ubao unatoka na rangi ya kahawia hadi ndani, unanukia kama sukari iliyoungua. Umekuwa mwepesi zaidi. Haunywi maji kama zamani, na mtikisiko wake haufi haraka. Kumbe joto halikuongeza kitu! Limeondoa kile kilichokuwa kinayumbishwa na kila badiliko la hewa.

Hapo ndipo wahubiri wengi wangeishia: "Umeona? Mungu anakuoka uwe imara!" Lakini ukimsikiliza fundi hadi mwisho, ana mambo matatu zaidi.

3. Mambo matatu ambayo fundi hayasahau

*Kwanza, kipimo.* Oksijeni ikiingia kwenye joto kubwa, ubao unawaka. Joto likipanda hadi nyuzijoto 300 na zaidi, ubao unaelekea kuwa mkaa. Wachoma mkaa wanalijua hili vizuri: wanafunika tanuri kwa udongo ili hewa ibaki kidogo. Kanuni inafanana, kipimo ndicho tofauti. Huyu anapata gitaa, yule anapata cha kutia jikoni.

*Pili, kila ubao na hali yake.* Ubao wenye mafundo, au wenye nyuzi zilizokwenda upogo, hautanyooshwa na joto. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba kinachopokelewa hupokelewa kwa jinsi ya yule anayepokea. Jua lilelile linalainisha nta na kukausha tope. Kwa hiyo fundi hauliza tu "joto kiasi gani?" Anauliza pia "ubao gani?"

*Tatu, ubao uliookwa hupasuka kirahisi.* Hili wengi hawalitegemei. Unabaki mkakamavu, lakini umepoteza sehemu ya ustahimilivu wake. Ukiukata kwa pupa, unabanduka vipande. Gundi yenye maji nayo inakawia kuingia, hivyo fundi huubana kwa muda mrefu zaidi. Yaani ubao uliopita kwenye moto unahitaji mkono mpole kuliko mwanzo.

4. Tunajifunza nini?

Waraka wa Kwanza wa Petro unalinganisha imani na dhahabu inayojaribiwa kwa moto. Ni mfano wa kweli, lakini unahusu imani. Tukiuhamishia kwa mtu mzima, mwenye mwili na moyo, tunamjeruhi. Mtu ana mwili, ana kumbukumbu, ana usiku asiolala. Kwa hilo anafanana zaidi na ubao kuliko dhahabu.

Kijana mmoja niliyemfahamu alifiwa na mama yake. Msibani akaambiwa, "Vumilia, Mungu anakukomaza." Baada ya wiki chache aliacha kuja jumuiya. Hakuikataa imani. Alichoka kuambiwa kwamba kifo cha mama ni somo lake.

Basi tushike haya. Tusimwambie anayepigwa nyumbani kwamba yuko tanurini kwa fundi. Ile ni nyumba inayoungua, na nyumba inayoungua watu wanatolewa. Tusilinganishe mateso ya Anna na ya Yosefu, eti mbona mwenzako aliweza. Na anayetoka kwenye moto akiwa bado anasali, akiwa bado anacheka, tusidhani amekuwa chuma. Huyo ndiye wa kushikwa polepole, na kwa muda mrefu.

Mungu anaweza kutoa wimbo hata kwa ubao ulioungua. Hilo naliamini. Lakini hajatupa sisi kazi ya kuwasha moto. Ametupa kazi ya gundi: kukaa karibu, na kubana hadi ishike.

Maswali ya kutafakari

1. Ni neno gani la faraja uliloambiwa likakuumiza? Uliwahi kumwambia mtu mwingine?
2. Katika kikundi chenu, ni nani anaonekana imara lakini anahitaji mkono mpole?
3. Wiki hii utakaa na nani bila kumhubiria?