Kabla ya Kukagua Mfuko wa Mdogo Wako

Shangazi,

Mimi ni mhasibu, nina miaka 41, naishi Tabata na mume wangu na watoto wawili. Mdogo wangu wa kiume ni mlinzi wa kampuni binafsi, analinda ghala Mikocheni. Anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki. Mshahara wake ni 160,000. Ikifika tarehe 20 lazima anipigie: dada, nisaidie. Mwezi uliopita nikampa 40,000 ya chumba. Jumapili nikaenda kwake Mbagala bila taarifa, nikamkuta mtoto wake amevaa viatu vipya, vile vya kuwaka taa, na mezani kuna soda kubwa. Kumbe alikuwa ametoa pia 20,000 ya msiba wa mlinzi mwenzake! Nikamwambia mbele ya mkewe kwamba umaskini wake ni wa kujitakia. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu.

Shangazi, tumekulia nyumba moja huko Muheza, babu na baba walikata mkonge, na njaa tumeijua wote. Mimi nimetoka kwa kujinyima. Mshahara mdogo si kisingizio. Hata dada wangu wa kazi namlipa 50,000 tu, na kwa miaka miwili hajatumia hata senti tano, zote namtunzia mimi. Kama yeye anaweza, mdogo wangu anashindwa nini? Nimwache ajifunze, au niendelee kumsaidia?

Dada aliyechoka, Tabata

Mwanangu,

Barua yako ilikuwa ndefu, nimeikata. Nimeondoa orodha ya vyote ulivyomnunulia mdogo wako tangu alipooa, na nimeondoa maneno uliyoyaandika juu ya mkewe. Sentensi moja nimeiacha kama ilivyo, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niijibu barua yako kabla ya nyingine: “hajatumia hata senti tano, zote namtunzia mimi.”

Wewe umeileta kama ushahidi wa nidhamu ya yule binti. Mimi ninachokiona ni mtu aliyefanya kazi miaka miwili bila kulipwa. Kuweka akiba ni kazi ya mtu aliyeshika pesa yake mkononi, akaitazama, akaamua hii naitumia na hii naibakiza. Yule hajawahi kuishika. Kila mwezi unasema moyoni kwamba umemlipa, kisha pesa inabaki palepale ilipokuwa, kwako. Wewe ni mhasibu. Kazini kwenu mwajiri akifanya hivyo, wewe mwenyewe unajua utaiandika upande gani wa vitabu. Ni deni.

Na akitaka pedi? Akitaka vocha ampigie mama yake, au mafuta ya kujipaka? Nadhani najua inavyokuwa. Anasubiri umalize kula, umerudi chumbani, anakuja kusimama mlangoni akikunja ncha ya kanga, anasema “samahani mama,” na wewe unamuuliza ya nini. Msichana mzima anaeleza mwezi wake wa kike ili apewe 2,000 katika pesa yake mwenyewe. Kama nimekosea namna anavyosimama, sijakosea kwamba ni lazima aombe, maana hana pengine pa kuipata.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mshahara ulipwe mfanyakazi mwenyewe, siku mliyokubaliana. Dada wa kazi anayelala kwako naye ni mfanyakazi. Na hicho kiasi chenyewe hakifiki. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri kuwa 60,000 kwa mwezi, na amri mpya ya Januari 2026 imepandisha viwango tena. Kwa hiyo hesabu iko hivi: 50,000 mara miezi 24 ni 1,200,000, halafu pungufu ya 10,000 kila mwezi, ambayo ni 240,000. Unadaiwa si chini ya 1,440,000, na anayekudai amelala jikoni kwako.

Nimeanza na yeye, mwanangu, kabla ya kufika kwa mdogo wako, kwa sababu shida yako inaanzia hapo. Umeniandikia kuhusu viatu vya mtoto, kuhusu soda, kuhusu rambirambi. Katika barua nzima hukuuliza mara moja kama 160,000 ni haki kwa kazi ile. Mhasibu mzima, umekagua matumizi yote, mapato ukayaruka! Nami naona sababu. Ukikubali kwamba mshahara unaweza kuwa mdogo kiasi cha kumshinda mtu mwenye akili timamu na adabu zake, utalazimika kumtazama na yule unayemlipa wewe.

Mawazo haya hukuyaanzisha wewe. Babu yako alipokata mkonge, wanyapara walimpima kwa kipande: kadi yenye nafasi 30, kila siku ya kazi nafasi moja, na siku ambayo hakumaliza ngwe yake haikuandikwa. Ujira ulitoka kadi ikijaa. Wakati huo wenye mashamba walikuwa na hoja yao ya kutopandisha ujira. Walisema Mwafrika mahitaji yake ni machache, ukimwongezea atapunguza siku za kazi kisha arudi kijijini kwake kupumzika. Hoja hiyo iliwafaa sana. Badala ya watu kuuliza shamba linalipa kiasi gani, walibaki wakijadili tabia ya mkata mkonge. Babu yako alisemwa hivyo huku kiganja kimechanwa na miiba. Leo mjukuu wake anayasema maneno yaleyale sebuleni Mbagala, anamwambia mjukuu mwenzake.

Sasa tuhesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo lugha yako. Kodi ya mapato haimgusi, maana hafiki 270,000. Mchango wake wa NSSF, asilimia 10, ni 16,000, zinabaki 144,000. Kutoka Mbagala hadi Mikocheni tuseme daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na tuweke nauli ya chini kabisa ya 600. Kwa siku 26 ni 62,400. Zinabaki 81,600. Chumba 40,000, zinabaki 41,600. Watu watatu, siku 30. Ni kama 1,387 kwa siku, na hapo hujanunua maji, sabuni, mkaa wala panadoli. Nieleze ni kipi hapo angejinyima akafanikiwa.

Tena yeye ananunua kwa bei kubwa kuliko wewe. Wewe mtungi wa gesi unajazwa, unakaa. Yeye mkaa wake ni wa kopo, mafuta ya kula ni ya kupima, sukari ni ile ya kufungiwa kwenye kinailoni, na kila kinailoni kina faida ya mwenye duka ndani yake. Hakosi akili ya kujua kwamba gunia ni nafuu. Anakosa pesa ya gunia kwa mkupuo mmoja.

Rambirambi imekuudhi kuliko vyote, nami hapo nitakuwa mkali. Umewahi kukaa chini ya turubai la msiba wa watu wa kipato kile? Kuna daftari. Kuna mtu anasoma majina kwa sauti: fulani 5,000, fulani 10,000, fulani ameahidi. Mdogo wako hana bima ya mazishi. Hana akaunti ya dharura. Daftari lile ndilo bima yake, na 20,000 aliyotoa ni ada yake. Siku mama yenu atakapotutoka, wale walinzi ndio watakaobeba jeneza, watakaokodi gari la kwenda Muheza, watakaokesha. Asingetoa, jina lake lingekuwa limefutwa mahali pekee ambapo lina thamani. Wewe ungeweza kuishi bila daftari hilo. Yeye hawezi.

Viatu vya taa? Mwanangu, baba yule anarudi asubuhi watoto wa jirani wanakwenda shule, anatoka jioni wanacheza. Anamwona mwanawe saa chache akiwa na macho mekundu. Amemnunulia kitu ambacho mtoto atakimbia nacho gizani akiita “baba, tazama!” Mimi naamini, na nitaamini mpaka nife, kwamba mtu anayefanya kazi ana haki ya sehemu fulani ya ujira wake asiyoitolea maelezo kwa yeyote. Hata ikiwa 3,000. Hata ikiwa ya soda. Ukimwondolea hiyo, umemwachia jasho tu, na mtu akifanya kazi miaka bila kuchagua chochote huanza kujiona kifaa cha kazi. Ukimpa ndugu yako 40,000 kisha ukaifuata mpaka mezani kwake kuona imekunywa nini, hujampa. Umemwajiri, na kazi yake ni kukutii.

Kuhusu kusema mbele ya mkewe, sina haja ya kurefusha. Utakwenda kumwomba radhi, na utaomba mbele yake yule mke, maana mbele yake ndiko ulikomvunjia heshima. Usibebe mfuko wa unga siku hiyo. Nenda mikono mitupu, ili radhi isionekane imenunuliwa.

Najua pia kitu ambacho hukukiandika. Njaa ya Muheza haijakutoka. Mtu aliyeiona njaa utotoni hujenga imani kwamba alitoka kwa nguvu zake peke yake, kwa sababu imani hiyo inamwezesha kulala: kama nilitoka kwa kujinyima, basi nikiendelea kujinyima sitarudi kule. Mdogo wako anapopiga simu tarehe 20, Muheza yote inapiga simu. Unamkemea yeye ukijikemea wewe usirudi. Sikulaumu kwa hofu hiyo, lakini kila mtu ale hofu yake. Usimlishe yeye, na usimlishe binti wa watu.

Umeuliza umsaidie au umwache. Msaidie unachoweza, mwambie wazi kiasi chenyewe, na kikiisha sema kimeisha. Kuandika bajeti, kujiunga na kikoba, mkewe kukaanga mihogo barazani, hayo wanayajua kuliko mimi na wewe, na bila shaka mengine wameshayafanya. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, waikimbie.

Lakini kwanza yule dada. Wiki hii mwandikie mkataba, msajili NSSF, mpe siku yake ya kupumzika. Deni lake mpe mkononi au kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Akienda Kariakoo akanunua simu na viatu virefu, utanyamaza.

Kisha ile kalamu uliyoitumia kwa mdogo wako itumie kwa mwajiri wake. Sheria inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Yeye anakaa langoni saa 72. Tumtolee mwajiri saa moja ya mapumziko kila zamu, zinabaki 66, yaani saa 21 za ziada. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Kama 160,000 ni mshahara wa msingi, gawanya kwa saa 195 za mwezi, unapata kama 820 kwa saa. Saa ya ziada ni 1,230. Mara 21, mara wiki nne, ni zaidi ya 100,000 kila mwezi, na bado hujaweka nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Isitoshe, sheria inaweka kikomo cha saa 50 za ziada katika wiki nne. Yeye anafanya 84. Kama kampuni ni kubwa ya kimataifa, kima cha chini cha mlinzi kilikuwa 222,000 tangu 2023, kabla hata ya nyongeza mpya. Linganisha pesa hiyo na viatu vya mtoto, kisha jiulize umaskini huo ameutaka nani.

Usiende kwa mwajiri wewe. Mwambie mdogo wako, akikubali kukusikiliza, atafute daftari dogo aandike tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Atunze hati za mshahara, na aulize NSSF kama michango inafika kweli. Wewe umsaidie kupanga hesabu. Wakiwa walinzi kadhaa waende chama cha wafanyakazi pamoja, kwa sababu mlinzi mmoja akiuliza peke yake huhamishwa lindo au huondolewa. Shauri la malipo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, kwa hiyo wasingoje mwaka upite. Akikuambia hataki, anaogopa kupoteza hata hiyo 160,000, usimbishie. Anamjua mwajiri wake kuliko wewe. Mpe ya chumba ya mwezi huu bila swali, na daftari aendelee kuliandika.