SOMO: MAHOJIANO MAWILI YASIYOFANANA
(Kujiandaa kwa mtihani wa kuongea Kiingereza cha juu)



Somo la leo ni kwa ajili ya ndugu waliosoma kwa Kifaransa kule nyumbani, wakapata Diploma ya Serikali, na sasa wako hapa Mantapala au kwenye vijiji vya Nchelenge na Kashikishi. Zambia inafundisha vyuo vyake kwa Kiingereza. Mwalimu, muuguzi au fundi aliyesoma kwa Kifaransa anaweza kuulizwa: “Una cheti gani kinachoonyesha kwamba unajua Kiingereza?” Wengi hujifunza kusoma na kuandika peke yao kwa bidii, lakini sehemu ya kuongea huwatia hofu. Basi tuitazame pamoja.

1. Mtihani wenyewe ukoje?

Iko mitihani mingi, lakini tutataja miwili inayojulikana sana.

Wa kwanza ni IELTS. Sehemu yake ya kuongea ni ya dakika 11 hadi 14, na unakuwa na mtahini mmoja. Kwanza anakuuliza mambo ya kawaida: unakoishi, kazi, chakula, familia. Kisha anakupa kadi yenye mada. Unapewa dakika 1 ya kufikiri na kuandika maneno machache, halafu unaongea peke yako dakika 1 hadi 2. Mwisho mnazungumza mambo mapana zaidi yanayohusiana na mada ile. Katika IELTS hakuna kufaulu wala kufeli. Unapewa alama kuanzia 0 hadi 9, na chuo ndicho kinachosema kinataka ngapi.

Wa pili ni C1 Advanced wa Cambridge, uliokuwa ukiitwa CAE. Hapa watahiniwa huingia wawili wawili, kwa muda wa dakika 15 hivi. Watahini nao ni wawili: mmoja anauliza, mwingine anasikiliza tu na kutoa alama. Kuna sehemu nne: maswali mafupi, kulinganisha picha kwa dakika 1, kujadiliana na mwenzako mpaka kufikia uamuzi, na mazungumzo ya mwisho ya wote.

Katika mitihani yote miwili wanapima mambo yanayokaribiana: je, maneno yako yanatiririka na kufuatana? Una msamiati wa kutosha? Sarufi yako ni nzuri? Matamshi yako yanaeleweka? Cambridge wanaongeza jambo moja: je, unajua kuzungumza na mwenzako, yaani kumsikiliza na kumjibu?

2. Tusichanganye mahojiano mawili

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Sisi wakimbizi tumehojiwa mara nyingi. Tulihojiwa mpakani, tukahojiwa kwenye kituo cha mapokezi cha Kenani, tukahojiwa tena wakati wa kuandikishwa. Mahojiano hayo yametufundisha adabu yake: jibu lililoulizwa, usiongeze, tarehe ziwe zilezile, jina la kijiji liwe lilelile. Ni adabu nzuri mahali pake, kwa sababu pale wanataka ukweli kamili wa habari zako, na maisha ya jamaa nzima yanaweza kutegemea neno moja.

Lakini mtu akiingia na adabu hiyo kwenye mtihani wa Kiingereza, atajiumiza mwenyewe. Akiulizwa anaishi wapi, atajibu “In Mantapala”, kisha atanyamaza. Jibu ni la kweli, lakini mtahini hakupata kitu cha kupima. Yeye hakutaka kujua anwani yako. Alikuwa anakufungulia mlango ili uongee.

Kwa hiyo kila jibu lipe hatua nne: jibu lenyewe, sababu, mfano, na ulinganisho. Kwa mfano:

“I live in Mantapala, in Nchelenge District. I like it because there is land to farm. My family, for example, grows cassava and groundnuts. It is quieter than the town where I grew up, although I still miss the market there.”

Hakuna neno gumu hata moja hapo, lakini msikilizaji amesikia sababu, mfano, ulinganisho, na kitenzi cha wakati uliopita. Hivyo ndivyo alama zinavyopatikana.

Na kinyume chake ni muhimu vilevile. Usichukue mtindo wa mtihani ukaupeleka kwenye ofisi ya wakimbizi. Pale usipambe habari. Kila mahojiano yana sheria yake.

Tuongeze jambo la kinasa sauti. Mahojiano ya IELTS hurekodiwa. Mtu aliyepita vita akiona chombo hicho mezani anaweza kuganda. Jueni kwamba sauti hiyo ni ya kazi ya mtihani, kama vile kuhakiki alama. Pia mtahini akikukatiza katikati ya sentensi, usidhani umemkosea. Muda umeisha tu.

3. Swali linaloweza kuuma

“Tell me about your home town.” Kwa mtu wa Lusaka hilo ni swali jepesi. Kwa mtu aliyetoka Pweto au Moba usiku, akiwa na mtoto mgongoni, ni swali zito. Vivyo hivyo maswali ya utotoni, ya wazazi, au ya zawadi uliyopewa na mtu unayempenda. Mtahini hajui historia yako, wala hakukusudia kukuchokoza.

Basi uamue mapema, nyumbani kwako, nini utasema na nini utakiacha. Huna deni la kumsimulia mtahini vita. Mji wako una soko, una samaki, una kwaya, una mto. Unaweza kuchagua hayo. Ikiwa swali limekugusa, sema kwa utulivu: “I would rather talk about the place where I live now,” kisha uendelee. Sentensi hiyo yenyewe ni Kiingereza kizuri.

Wengine wanauliza: je, kutunga mfano katika mtihani ni uongo? Kweli, mtahini hatachunguza kama shangazi yako alikupa saa au hakukupa. Anapima lugha. Lakini ushauri wetu ni kuchagua jambo la kweli lisilokuumiza, kwa sababu mbili. Dhamiri inabaki safi, na ulimi unakwenda haraka, maana huhitaji kubuni na kutafsiri kwa wakati mmoja. Ikiwa hukuwahi kupewa zawadi ya namna hiyo, sema hivyo, kisha ueleze aliyopewa dada yako.

Vilevile msikariri hotuba nzima. Watahini wanatambua maneno ya kukariri, na hayaleti alama. Jifunze njia ya kujibu, si jibu.

4. Lafudhi yetu si Shibolethi

Tunakumbuka habari ya Waamuzi sura ya 12. Watu wa Gileadi walisimama kwenye vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno Shibolethi. Mwefraimu alishindwa sauti moja tu, akauawa. Sisi tuliovuka mipaka tunaielewa habari hiyo kuliko wengi. Wako waliosikilizwa lafudhi yao njiani kwanza, ndipo wakaruhusiwa kupita.

Mtihani huu hauko hivyo. Hakuna anayetakiwa kuongea kama Mwingereza. Lafudhi ya Katanga haipunguzi alama. Kinachotakiwa ni kueleweka bila shida. Kwa hiyo tusipoteze miezi tukiiga sauti za puani, bali tushughulike na sauti zinazobadilisha maana:

– Tofautisha “rice” na “lice”. La kwanza ni mchele, la pili ni chawa!
– Tofautisha “live” na “leave”. Mmoja anasema naishi hapa, mwingine anasema naondoka hapa.
– Usiongeze irabu mwishoni mwa neno. Ni “book”, si “buku”.
– Usimeze herufi H kama tunavyofanya kwa Kifaransa. “Hungry” ni mwenye njaa, “angry” ni mwenye hasira.

5. Makosa tunayobeba kutoka lugha zetu

Kifaransa hutufanya tuseme “I have twenty years”. Kiingereza kinasema “I am twenty years old”. Tunasema “I am here since 2018”, lakini sahihi ni “I have been here since 2018”. “Library” ni mahali pa kuazima vitabu, si duka la vitabu. “Assist” ni kusaidia, na kuhudhuria ni “attend”.

Kiswahili nacho kina neno moja tu, “yeye”, kwa mwanamume na mwanamke. Ndiyo maana tunamwita mama “he” na baba “she” bila kujua. Dawa yake ni mazoezi: simulia kila jioni habari za mama mmoja na baba mmoja, ukiwa mwangalifu.

6. Heshima isigeuke kuwa ukimya

Kwetu mtu mdogo hamkatizi mkubwa, na wengi wa akina dada walifundishwa kuinamisha macho na kungoja. Ni malezi mazuri. Lakini katika mtihani wa C1 Advanced, ukiwekwa pamoja na mzee kisha ukanyamaza kwa heshima, wewe hupati alama, na yeye pia anaonekana hajui kuzungumza na mwenzake.

Mwenzako si mshindani wako. Kila mmoja anapewa alama zake. Anayeongea mfululizo bila kumpa mwenzake nafasi anakosea, na anayekaa kimya anakosea pia. Jifunze kumkaribisha: “What do you think?” Jifunze kukataa kwa upole: “I see your point, but...” Si lazima mkubaliane mwishoni. Mtazame mtahini usoni. Hapo si utovu wa adabu.

7. Mazoezi ya juma moja

Jumatatu: Jibu maswali kumi ya kawaida kwa hatua zile nne. Mwulizaji awe mtoto wako anayesoma shule ya Zambia. Tusione haya kusahihishwa na watoto wetu.

Jumanne: Mada ya kadi. Dakika 1 ya kufikiri, dakika 2 za kuongea, huku simu ikipima muda. Mfano: eleza sherehe ya Umutomboko ya Mwata Kazembe, inayofanyika Mwansabombwe kila mwezi wa saba.

Jumatano: Picha mbili kutoka gazeti lolote. Zilinganishe kwa dakika 1. Usihesabu tu vitu vilivyomo. Sema watu hao huenda wanajisikiaje, na kwa nini.

Alhamisi: Mjadala wa wawili. Mfano: kila mwaka uvuvi unafungwa kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi mwisho wa mwezi wa pili ili samaki wazaane. Je, ni njia nzuri ya kulinda Ziwa Mweru? Familia za wavuvi zifanye nini katika miezi hiyo? Jadilini, kisha mfikie uamuzi.

Ijumaa: Jirekodi kwa simu, kisha ujisikilize. Hili halihitaji mtandao. Andika makosa matatu tu, uyashughulikie.

Jumamosi: Pumzika, au tembelea jirani Mzambia mzungumze.

Jumapili: Baada ya ibada, eleza mahubiri kwa Kiingereza kwa dakika 2. Wale wanaotafsiri kanisani wana faida kubwa hapa.

8. Kabla ya kulipa

Mitihani hii ina gharama kubwa kwa familia zetu, na kutoka Nchelenge hadi Lusaka ni safari ndefu. Kwa hiyo uliza kwanza. Chuo unachotaka kinadai mtihani upi, na alama ngapi? Kituo cha mtihani kinapokea kitambulisho gani: kile cha mkimbizi, au hati ya kusafiria ya Mkataba wa 1951? Kibali chako cha kutoka kambini kitakuwa tayari siku hiyo? Kumbukeni pia kwamba vyuo vingi hudai matokeo ya IELTS yasiyozidi miaka miwili. Usifanye mtihani mapema mno.

Uliza pia juu ya ufadhili. DAFI, ulioanza mwaka 1992 kwa msaada wa serikali ya Ujerumani, husaidia wakimbizi kusoma vyuo vikuu katika nchi zilizowapokea. Kule Kenya, vijana wa Dadaab na Kakuma wanaotafuta nafasi ya programu ya WUSC ya Kanada hupimwa Kiingereza na kuhojiwa.

Lakini tahadhari, wapendwa! Cheti cha Kiingereza si tiketi ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Mtu akikuambia, “Lipa kwangu, upate cheti na jina lako liingie kwenye orodha,” huyo ni mwizi.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Ni mahojiano gani yaliyotufundisha kujibu kwa ufupi? Faida yake ni nini, na hasara yake ni nini?
2. Ni jambo gani la kwenu ungependa kulieleza kwa furaha?
3. Ni nani katika kikundi chetu anaweza kuwa mwulizaji wa wengine kila juma?

Musa naye alilalamika mbele za Mungu kwamba ulimi wake ni mzito. Hakuponywa ulimi kwanza. Alipewa ndugu wa kwenda naye. Basi tusijifunze peke yetu. Tafuta mwenzako, keti naye chini ya mti, mkaanze na swali la kwanza.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote. Amina.