Pampu ya Moyo: Jinsi Ilivyopimwa kwa Wagonjwa

Moyo kushindwa kufanya kazi si moyo kusimama. Huendelea kupiga, ila hauna nguvu ya kusukuma damu ya kutosha mwilini. Miguu huvimba, pumzi hukatika kwa mwendo mfupi, na usiku mgonjwa hulala ameegemea mito kwa sababu akilala chali hawezi kupumua vizuri. Dawa huwasaidia wengi. Kwa wale ambao dawa hazitoshi tena, na ambao hawawezi kupandikizwa moyo wa mtu mwingine, kuna pampu.

Mrija wake huingizwa katika chumba cha chini cha kushoto cha moyo. Damu hupita kwenye pampu na kupelekwa katika mshipa mkuu unaoisambaza mwilini. Waya hutoka kupitia ngozi ya tumbo hadi kwenye betri ambazo mgonjwa hutembea nazo. Betri hizo huchajiwa kwa stima, na msomaji wetu anajua maana ya stima kupotea usiku.

Kifaa kama hiki hujaribiwa kwanza maabarani, kisha ndani ya ndama. Lakini je, humwongezea mgonjwa maisha? Hilo hujulikana kwa wagonjwa wenyewe.

Nchini Marekani, utafiti ulioitwa REMATCH ulianza mwaka wa 1998 na kuhusisha wagonjwa 129 waliokuwa katika hali mbaya kabisa. Waligawanywa kwa kura: 68 wakawekewa pampu, 61 wakaendelea na dawa. Kwa nini kura? Daktari akiachiwa achague, huenda akampa pampu mgonjwa mwenye nguvu kidogo, kisha pampu ikasifiwa kwa nguvu zisizo zake.

Matokeo yalichapishwa Novemba 2001. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 52 ya waliowekewa pampu walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 25 ya waliotumia dawa pekee. Tofauti kubwa hiyo. Baada ya miaka miwili ilikuwa asilimia 23 kwa 8, yaani wengi wa pande zote mbili walikuwa wamefariki. Tena maambukizi, kuvuja damu na pampu kuharibika yalifanya madhara makubwa kuwa zaidi ya mara mbili ya yale ya kundi la dawa. Takwimu hizi zote ni za utafiti mmoja, na anayekutajia ile ya kwanza tu hajakueleza utafiti huo.

Mwaka wa 2009 yalitoka matokeo ya pampu mpya ikishindanishwa na ya zamani kwa wagonjwa 200. Ya zamani ilisukuma damu kwa mapigo. Mpya ilizunguka bila kukoma, hata wakati mwingine muuguzi akishika mkono wa mgonjwa haupati mpigo. Baada ya miaka miwili, asilimia 58 ya wenye pampu mpya walikuwa hai, dhidi ya 24.

Ufuatiliaji hauishii hapo. Juni 2021, kampuni ya Medtronic iliacha kuuza pampu yake ya HVAD, iliyokuwa imeidhinishwa na kutumika kwa miaka, baada ya kuonekana kuhusishwa na kiharusi na vifo zaidi kuliko pampu nyingine.

Ukialikwa kushiriki utafiti wa tiba, uliza: umeidhinishwa na kamati ya maadili? Kundi jingine litapata nini? Madhara yatahesabiwa vipi? Una haki ya kukataa, au kujiondoa baadaye, bila kunyimwa matibabu. Na mwenye dalili tulizotaja mwanzoni afike kituo cha afya kilicho karibu naye apimwe, pamoja na presha.