"Mtambo Umejaribiwa": Tuulize, Umejaribiwa kwa Kitu Gani?



Katika somo hili tutazungumza juu ya jambo lililo geni kwa wengi wetu: jinsi mafundi wa kompyuta wanavyojaribu programu zinazochora picha kwenye skrini. Msiseme kwamba hayo si mambo ya watu wa panga na mashine. Siku hizi tani za mkata miwa wa karibu na Jinja, au kilo za mama anayechambua kahawa Mbale, zinaweza kuingizwa katika kompyuta na kuonyeshwa kwa michoro. Ukibisha, unaambiwa, "Mtambo umejaribiwa." Asiyejua jinsi unavyojaribiwa hana la kujibu. Kwa hiyo tujifunze.

1. Tuanze na tunalolijua

Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na Jinja ikawa mji wa viwanda na mota za umeme. Fundi umeme anapotengeneza sanduku la swichi za mota kubwa, si lazima aifunge mota yenyewe kwanza. Anaweza kufunga taa tatu mahali pa mota, moja kwa kila waya. Anabonyeza kitufe cha kuwasha. Taa zikiwaka, swichi imetii. Anabonyeza cha kuzima. Taa zikizimika, vema.

Hiyo ni kazi ya akili. Mota haiungui, wala mashine haimkati mtu mkono. Lakini taa hazijui mota itazunguka upande gani. Nyaya mbili zikibadilishana nafasi, taa zitawaka vilevile, na mota itazunguka kinyumenyume. Likumbukeni jambo hilo, kwa maana ndilo somo zima.

2. Turubai ndani ya kompyuta

Kurasa za intaneti huonyeshwa na programu iitwayo kivinjari. Ndani ya ukurasa huweza kuwekwa mahali pa kuchorea panapoitwa kanvasi, yaani turubai, kama lile la mchoraji. Kampuni ya Apple ndiyo iliyolianzisha mwaka 2004, na leo vivinjari vyote vikubwa vinalo. Programu hutoa amri: "Chora mstatili kuanzia hapa, upana huu, urefu huu. Andika namba hii pale." Kivinjari hutii na kuchora.

3. Kwa nini turubai bandia?

Programu kubwa hujengwa kwa vipande vidogo. Fundi mwangalifu huandika jaribio kwa kila kipande, na majaribio hayo huendeshwa kila anapobadilisha jambo. Lazima yaishe upesi, na mara nyingi huendeshwa kwenye kompyuta isiyo na skrini hata moja.

Wanaotumia lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript wengi hutumia jsdom, programu inayoigiza ukurasa wa kivinjari. Lakini jsdom peke yake haichori. Ukiiomba mahali pa kuchorea, inajibu kwamba kazi hiyo haimo. Hapo fundi huweka turubai bandia. Turubai hilo halichori kitu. Linapokea kila amri na kuiandika, kama karani wa getini anayeandika kila lori linaloingia bila kuufungua mzigo. Mwisho jaribio linamwuliza karani: "Zimekuja amri ngapi? Zilikuwa na namba gani?"

4. Mfano wa mchambua kahawa

Tuseme mama amechambua kilo 40 Jumatatu, 55 Jumanne na 30 Jumatano. Mchoro utakuwa na nguzo tatu, katika turubai lenye urefu wa nukta 100. Jaribio linauliza: amri ya mstatili ilitolewa mara tatu? Ndiyo. Urefu ulikuwa 40, 55 na 30? Ndiyo. Jaribio limefaulu. Nalo lina thamani, kwa kuwa kama fundi angeisahau Jumatano, angekamatwa papo hapo.

Sasa tazameni yale ambayo karani wa getini hakuyaona.

(a) Vipimo vya turubai huanzia juu na kushuka chini. Nguzo ya 40 inatakiwa kuanza kwenye nukta ya 60 ili isimame sakafuni. Fundi akiianzisha kwenye sifuri, nguzo zitaning'inia kama popo. Turubai bandia limeandika mistatili mitatu na kunyamaza. Hata tukiliuliza mahali pa kuanzia, jibu la kulinganishia aliliandika fundi yuleyule. Kama alikosea mwanzo, kosa liko pande zote mbili, kama mwanafunzi anayejisahihishia mtihani.

(b) Rangi inayopakwa baadaye hufunika ya awali. Namba ikiandikwa kwanza na nguzo ikachorwa juu yake, namba haionekani. Amri zote mbili zilitolewa, na hakuna hata moja iliyokosekana daftarini.

(c) Turubai bandia halijui upana wa maandishi. Tuseme jumla ya mwezi ni kilo 1250. Maandishi yakianzia nje ya ukingo wa kushoto, tarakimu ya kwanza inakatwa. Amri ilisema "andika 1250", na turubai bandia lina 1250. Jaribio limefaulu. Mama anatazama skrini na kuona 250.

Ndugu, hapo mama hasemi uongo, na fundi naye hasemi uongo. Kila mmoja ameangalia kitu tofauti.

5. Tusikosee upande wa pili

Tusitoke hapa tukisema turubai bandia ni udanganyifu. Taa tatu za fundi umeme si udanganyifu. Kosa ni kuzitazama taa na kusema mota imejaribiwa.

Wala tusikimbilie kusema kilo zimeibwa. Katika mfano wetu kumbukumbu ina 1250. Picha ndiyo iliyokatwa. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuomba kuiona kumbukumbu yenyewe.

Kazi nzuri ina hatua nne. Kwanza hesabu ijaribiwe peke yake, bila turubai lolote. Pili amri za kuchora zijaribiwe kwa turubai bandia. Tatu picha ichorwe katika kivinjari cha kweli na ilinganishwe na picha iliyokwisha kukubaliwa. Nne mtu aitazame kwa macho yake, kwenye simu na skrini zilezile zinazotumika kazini, akitumia namba ndogo, namba kubwa na majina marefu.

6. Mizani na haki yetu

Mbale, mji wa Bugisu Cooperative Union tangu mwaka 1954, watu wanaijua thamani ya mizani ya haki. Shirika la Viwango la Uganda, yaani UNBS, hukagua mizani za biashara kwa mawe ya uzito unaojulikana. Jiwe la kweli huwekwa juu ya mizani ya kweli. Skrini inayotuonyesha kilo zetu nayo itazamwe kwa macho ya kweli.

Tena Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kupewa, kila anapolipwa, maelezo ya malipo yake kwa maandishi, katika lugha anayotarajiwa kuielewa. Mchoro wa skrini ni msaada tu. Haushiki nafasi ya karatasi hiyo.

Kwa hiyo mtambo mpya ukiletwa, wajumbe wetu waulize kwa adabu:

– Ni kipande gani kilichojaribiwa, na ni kitu gani kilichowekwa bandia?
– Nani aliiona picha halisi, na kwenye skrini ipi?
– Je, daftari la zamani litaendelea kuandikwa sambamba na kompyuta kwa muda, ili tulinganishe?
– Namba zikitofautiana, ni ipi itakayofuatwa, na nani ataamua?

Nasi tuandike kilo zetu kila siku katika kijitabu. Penseli na kijitabu ni bei ndogo kuliko kilo elfu moja.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini taa tatu haziwezi kuonyesha upande ambao mota inazunguka?
2. Turubai bandia huandika nini, na halioni nini?
3. Mwenzenu anaona 250 na karani anasema 1250. Mtaanzia wapi?
4. Hapo mnapofanya kazi, ni kitu gani kinachosemwa "kimejaribiwa"? Nani alikiona kikifanya kazi?

Anayejua kusoma awasomee wenzake wakati wa mapumziko.