Kikuba na Kazi ya Tumba Lililochumwa

Alasiri katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, asumini zinazouzwa kwa ajili ya kutungia vikuba, yaani vishada vya maua na majani yanayonukia, huwa bado zimefumba. Ni matumba meupe, membamba, na ukiyanusa hupati harufu ya maana. Hata hivyo hayo ndiyo anayoyataka mtungaji, na asumini iliyokwisha kuchanua huiacha. Usiku, kikuba kikiwa kifuani au kwenye nywele, matumba yale yale yatafunguka na kunukia chumba kizima. Ua limeshakatwa, halina mzizi wala maji. Harufu hiyo linaitoa wapi?

Tuanze na harufu yenyewe. Kunusa ni kupokea puani chembe ndogo mno, molekuli, zilizotoka kwenye ua na kupeperuka hewani. Bila kitu kuondoka kwenye ua, hakuna cha kunusa. Kwa hiyo kila ua linalonukia linapungua, na ili liendelee kunukia saa baada ya saa lina njia mbili tu: liwe limeweka akiba, au liwe linatengeneza harufu nyingine kadiri ile ya mwanzo inavyoondoka.

Kikuba, kinachochanganya asumini na majani ya rihani, kina njia zote mbili, na ndiyo maana naona ni kazi ya akili sana. Rihani ni ghala. Chukua jani moja ulitazame kwenye mwanga: utaona vitone vidogo vidogo. Ni vifuko vya mafuta. Ukilifikicha, vifuko vinapasuka na harufu inakujia kwa mkupuo. Rihani nyingi huwa na yujenoli, molekuli ile ile inayoipa karafuu harufu yake. Kwa kuwa mafuta yamefungiwa, jani hata likinyauka bado hunukia ukilifikicha.

Asumini ni kiwanda. Tumba la alasiri halina akiba kubwa ya harufu. Lina sukari, wanga, maji, na seli zilizo hai. Kuchuma kumelitenga na mti, lakini hakukuliua. Seli zinaendelea kuvuta oksijeni, kuchoma sukari na kufuata saa yao ya ndani. Magharibi ikikaribia, wanga unavunjwa kuwa sukari, sukari inavuta maji ndani ya seli, seli zinatanuka na petali zinafunguka. Wakati huohuo seli za petali zinaanza kutengeneza asetati ya benzili, linaloli na molekuli nyingine zinazopeperuka upesi. Kwenye asili yake ua hili huita nondo wa usiku, na nondo hana haja nalo mchana.

Watengenezaji manukato wa Grasse, Ufaransa, waliitumia siri hiyo zamani. Walitandaza asumini mbichi juu ya mafuta ya mnyama yaliyogandishwa kwenye vioo, wakaziacha kama siku nzima, kisha wakaweka nyingine. Mafuta yalinasa harufu ambayo ua liliendelea kuitoa baada ya kuchumwa.

Ukishaelewa kwamba umeshika kitu kilicho hai, kanuni za mikono zinajieleza zenyewe. Sindano ipite kwenye kijibomba chembamba kilicho chini ya petali. Petali ikibanwa, seli zinapasuka, vimeng'enya vinakutana na oksijeni, na baada ya muda mfupi weupe unageuka kahawia. Maji yanayoondoka hayarudi, kwa hiyo funika matumba kwa kitambaa chenye unyevu au jani la mgomba. Usiyatumbukize majini: tumba linahitaji kupumua. Usiyaweke karibu na maembe au ndizi mbivu, maana matunda hayo hutoa ethilini, gesi inayozeesha maua mengi haraka. Na rihani usiiweke kwenye friji. Ni mmea wa nchi za joto. Chini ya nyuzi 12 hivi za Selisiasi seli zake huumia, na jani linatoka na mabaka meusi.

Joto la mwili nalo lina kazi. Kadiri petali inavyopata joto, molekuli zinapeperuka kwa kasi zaidi. Kikuba kilichopachikwa kifuani kinanukia kuliko kilichoachwa mezani, ila pia kinachoka mapema.

Waridi la dukani, la mashamba ya Arusha au Naivasha, linaleta rangi kwenye kikuba, lakini mengi hayanukii. Yamezalishwa yadumu ndani ya chombo na safarini. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba waridi linalonukia hutumia kimeng'enya kiitwacho RhNUDX1 kutengeneza sehemu kubwa ya harufu yake, na kwamba kwenye mawaridi yasiyonukia jeni yake hulala. Kwa kikuba, waridi dogo la uani ni bora.

Kipupwe kinapofika na asumini zikapungua, ongeza rihani na utafute mlangilangi, unaopandwa kwenye mashamba ya viungo kama ya Kizimbani. Ua lake huanza likiwa kijani, na huchukua wiki mbili hadi tatu kukomaa. Lichume asubuhi na mapema, likiwa la manjano na lina wekundu kidogo kwenye kitako cha petali. La kijani halijaanza kazi yake.