Nafasi Iliyo Karibu na Mlango: Adabu ya Maegesho Yaliyotengwa kwa Watu Wenye Ulemavu

Utangulizi

Mbele ya duka la kujihudumia mjini Musoma, gari dogo linasimama kwenye nafasi iliyo karibu kabisa na mlango. Dereva anaacha taa za tahadhari zikiwaka, anaingia kununua mkate na maziwa, na baada ya dakika tano anatoka. Katika dakika hizo tano, bajaji iliyombeba mama aliyepooza upande mmoja kutokana na kiharusi imefika, imekosa pa kusimama, na imeegeshwa ng'ambo ya barabara. Mama na binti yake wanautazama mtaro ulio kati yao na duka, wanayatazama magari yanayopita, kisha wanamwomba dereva wa bajaji awarudishe nyumbani. Dereva wa gari dogo hakuwaona. Kwa hesabu yake mwenyewe, hakumdhuru mtu.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini kila sehemu yake ni ya kawaida katika miji inayokua. Somo hili linaeleza kwa nini nafasi iliyotengwa si fadhila wala pambo la uwanja wa duka, bali ni sehemu ya afya ya jamii.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza:

1. Kueleza nafasi iliyotengwa ni nini na kwa nini ina vipimo tofauti na nafasi nyingine.
2. Kutaja sababu za kitabibu zinazofanya umbali mfupi uwe mzigo mkubwa kwa baadhi ya watu.
3. Kutambua kwamba si kila ulemavu unaonekana kwa macho.
4. Kutumia adabu inayofaa, awe dereva, mwendesha bodaboda, mlinzi au mwenye duka.

Nafasi iliyotengwa ni nini?

Ni sehemu ya kuegesha chombo cha usafiri iliyo karibu na mlango, iliyowekewa alama, na iliyoachwa kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu au anayemsafirisha. Alama inayojulikana zaidi, yaani mchoro mweupe wa mtu juu ya kiti cha magurudumu kwenye rangi ya buluu, ilianza mwaka 1968 kwa mchoro wa Susanne Koefoed, aliyekuwa mwanafunzi wa usanifu kutoka Denmark. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa wa kiti kitupu. Kichwa kiliongezwa mwaka uliofuata ili ionekane kwamba juu ya kiti yupo mtu. Nyongeza hiyo ndogo inabeba fundisho lote la somo hili.

Nafasi hii hutofautiana na nyingine kwa ukaribu na kwa upana. Nafasi ya kawaida huwa na upana wa takribani mita 2.4. Iliyotengwa hupaswa kufikia takribani mita 3.6, kwa sababu mlango wa gari lazima ufunguke kikamilifu, kiti cha magurudumu kiwekwe ubavuni, na mtu ahame kutoka kwenye gari kwenda kwenye kiti. Ukanda huo wa pembeni, ambao mara nyingi huchorwa mistari ya mshazari, hauko wazi kwa bahati. Anayeegesha pikipiki hapo kwa kudhani kwamba hajaziba nafasi ya mtu amefunga mlango wa gari la mwenzake.

Jambo la tatu ni njia ya mteremko. Kipimo kinachopendekezwa ni kwamba kila sentimita 1 ya kimo ihitaji angalau sentimita 12 za urefu. Kwa hiyo baraza yenye kimo cha sentimita 15 tu inahitaji mteremko wa sentimita 180. Pikipiki moja ikisimama chini ya mteremko huo, mteremko wote umekufa.

Kwa nini hatua chache zina uzito kitabibu?

Mtu mwenye afya njema hahesabu hatua. Wapo wanaozihesabu.

Aliyeumia uti wa mgongo na kupoteza hisia za sehemu ya chini ya mwili huwa katika hatari ya kupata vidonda vya mgandamizo. Hufundishwa kujiinua au kujiegemeza upande mmoja kila baada ya dakika 15 hadi 30 ili damu ipite kwenye ngozi. Akikosa nafasi ya kushukia na kulazimika kukaa ndani ya gari kwa muda mrefu, anaanza kulipa gharama ambayo huenda ikaonekana siku kadhaa baadaye, ngozi ikiwa imefunguka. Iwapo jeraha lake liko juu ya kifua au shingoni, mwili wake huweza kushindwa kutoa jasho na kujipoza ipasavyo. Kumwacha ndani ya gari juani ni hatari ya kweli.

Anayesukuma kiti kwa mikono yake hutegemea mabega kama wengine wanavyotegemea magoti. Umbali wa ziada, kokoto na miteremko mikali huchakaza mabega hayo, na bega likiharibika, mtu hupoteza miguu yake kwa mara ya pili.

Anayetembea kwa magongo au kwa mguu bandia hutumia nguvu nyingi zaidi kwa kila hatua kuliko mtu mwingine. Aliyepata kiharusi hukabiliwa na hatari ya kuanguka, na mfupa wa nyonga ukivunjika uzeeni, huo huweza kuwa mwanzo wa maradhi mengine. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia za nyayo anaweza kutembea mwendo mrefu juu ya changarawe ya moto bila kusikia kidonda kinachoanza.

Ulemavu usioonekana

Makosa mengi ya adabu hutokana na jicho kujifanya daktari. Mtu anashuka kwenye gari akitembea wima, naye mpita njia anasema kwa sauti, "Huyu mbona mzima?" Hajui kwamba moyo wake umechoka, na kwamba akienda mita hamsini atasimama kutafuta pumzi.

Katika Kanda ya Ziwa mifano iko karibu. Ugonjwa wa selimundu ni wa kawaida katika ukanda huu. Kijana aliyeishi nao huweza kuwa na kichwa cha mfupa wa paja kilichoharibika kwa kukosa damu, akawa na maumivu ya nyonga ambayo hayaonekani chini ya suruali iliyopigwa pasi. Katika maeneo ya uchimbaji wa dhahabu, kama Buhemba wilayani Butiama, vumbi la mawe linaloingia mapafuni kwa miaka mingi huweza kuacha makovu yasiyopona. Mchimbaji wa zamani huonekana mwenye kifua kipana, kumbe hewa inayoingia humo ni kidogo. Naye mtu mwenye ualbino, ambaye sheria ya Tanzania inamtambua miongoni mwa watu wenye ulemavu, ana uoni hafifu na ngozi isiyo na kinga dhidi ya jua. Kwake nafasi iliyo karibu na kivuli hupunguza dakika za jua kali, na dakika hizo zikijumlishwa kwa miaka ni sehemu ya hatari ya saratani ya ngozi.

Nchi nyingine zimepitia njia hii ya kujifunza. Uingereza ilianza kutoa vitambulisho vya maegesho kwa watu wenye ulemavu mapema katika miaka ya 1970, lakini ni mwaka 2019 ndipo utaratibu wa England ulipopanuliwa waziwazi kuwafikia wenye ulemavu usioonekana.

Hali ya Musoma, Bunda na Butiama

Itakuwa kosa kuliangalia suala hili kana kwamba kila mtu anakuja dukani kwa gari lake. Katika mkoa wa Mara, wengi wenye ulemavu huja kwa bajaji, kwa bodaboda wakishikiliwa na ndugu, au kwa baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Kwao nafasi iliyotengwa ni mahali pa kushukia, hata kama hapajachorwa alama yoyote.

Musoma ni mji wa ziwa na miamba. Baadhi ya maduka yake yana baraza iliyoinuliwa juu ya mtaro, na kinachounganisha barabara na mlango ni daraja dogo la zege. Daraja hilo likizibwa na pikipiki, mwenye kiti cha magurudumu hana njia ya pili.

Bunda iko kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma na Sirari, na hapo ndipo inapochepuka njia ya Kisorya kuelekea Ukerewe. Wasafiri husimama kidogo, hununua maji na matunda, kisha huendelea. Neno linalotawala katika mji wa njiani ni "dakika mbili tu". Lakini dakika mbili za dereva wa kwanza zikifuatwa na dakika mbili za wa pili na wa tatu, nafasi inazibwa kutwa nzima bila mtu mmoja kujiona mkosaji.

Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Julius Nyerere, hupokea wageni wanaokwenda kuona kaburi lake na makumbusho. Miongoni mwao wamo wazee wanaotembea kwa mkongojo. Mgeni aliyetoka mbali kumkumbuka mtu aliyehubiri usawa wa binadamu hapaswi kuupata usawa huo umezibwa na gari lililoegeshwa vibaya.

Msingi wa sheria

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9. Ibara ya 9 ya mkataba huo inahusu ufikivu wa majengo, barabara na huduma zilizo wazi kwa umma, zikiwamo zinazotolewa na watu binafsi. Duka ni mali ya mtu, lakini mlango wake umefunguliwa kwa wote.

Hata hivyo, sheria haiwezi kumweka askari mbele ya kila duka. Kinachobaki ni adabu.

Adabu yenyewe

Kwa dereva na mwendesha bodaboda: Usisimame kwenye nafasi iliyotengwa, hata kwa muda mfupi, hata ukibaki ndani ya chombo. Usiegeshe kwenye mistari ya pembeni wala chini ya mteremko. Uwanja ukijaa, nafasi iliyotengwa huhesabiwa kuwa imejaa pia.

Kwa anayemsafirisha mwenye ulemavu: Haki ni ya mtu, si ya gari. Ukija peke yako, egesha kama wengine.

Kwa mpita njia: Usimhoji mtu ugonjwa wake. Ukitaka kusaidia, uliza kwanza, kisha usubiri jibu. Usishike kiti cha magurudumu bila idhini, kwa maana kiti ni kama sehemu ya mwili wa mwenyewe.

Kwa mlinzi: Anza na salamu. Neno la heshima hufungua njia ambayo amri huifunga. Mazungumzo yaweza kuwa hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana."

"Samahani mzee wangu, hapa pametengwa kwa wagonjwa na watu wenye ulemavu. Kama yupo uliyemleta, karibu nimsaidie kushuka. Kama hayupo, naomba nikuoneshe nafasi pale chini ya mti."

Mlinzi huyu hakumshitaki mtu, wala hakukisia afya yake. Amempa njia mbili, na zote ni za heshima.

Kwa mwenye duka: Chora alama inayoonekana na uirudie rangi inapofifia. Usipange kreti za soda wala magunia ya mkaa kwenye mteremko. Kubaliana na waendesha bodaboda wa kijiwe kilicho karibu kuhusu mahali pao, ili wasifukuzwe kila siku bali wawe walinzi wa nafasi hiyo.

Kuhusu waendesha bodaboda, lipo la kuongeza. Ajali za pikipiki ni miongoni mwa sababu za majeraha ya uti wa mgongo na ya kukatwa miguu, na wanaoumia wengi ni vijana. Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Kijana anayeziba mteremko leo hailindi nafasi ya watu wengine tu akiiacha wazi. Huenda anailinda ya kwake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini ukanda wa mistari ulio pembeni mwa nafasi iliyotengwa haufai kuegeshwa pikipiki?
2. Baraza ya duka ina kimo cha sentimita 20. Mteremko wake unapaswa kuwa na urefu usiopungua sentimita ngapi?
3. Taja hali tatu za kiafya ambazo hazionekani kwa macho lakini huifanya safari fupi ya miguu kuwa ngumu.
4. Ndugu yako mwenye ulemavu amekutuma dukani na amebaki nyumbani. Je, ni halali kutumia nafasi iliyotengwa? Eleza sababu.
5. Chunguza duka moja, zahanati moja na ofisi moja karibu nawe. Ni wapi mtu mwenye kiti cha magurudumu angeweza kuingia bila kubebwa?

Hitimisho

Nafasi iliyotengwa huonekana kuwa tupu kwa sehemu kubwa ya siku, na utupu huo ndio unaowashawishi watu. Lakini chumba cha dharura hospitalini nacho huwa na kitanda kitupu, wala hakuna anayekiita kitanda kilichopotea. Kinamsubiri mgonjwa ambaye hajafika. Vivyo hivyo mbele ya duka: yule mama wa bajaji atajaribu tena siku nyingine. Akikuta pa kushukia, atavuka mlango kwa miguu yake mwenyewe, akiushika mkono wa binti yake, na kuchagua sabuni anayoitaka.