SOMO LA MAJI: Je, kijito kina maji kiasi gani kwa ajili yetu?

Leo tutajifunza kukadiria maji ya kijito ambayo watu wanaweza kuyategemea. Mwezi wa nne, mvua ikinyesha, kila kijito kinaonekana kinatosha. Mwezi wa saba akina mama wanapanga jerikani foleni tangu alfajiri, na wengine wanarudi na nusu. Kamati ya maji ikipanga kwa maji ya mwezi wa nne, watu watapata shida kiangazi.

Kumbuka pia kwamba maji hatuyatumii peke yetu. Mto Rwizi huanzia vilima vya Buhweju, hupita Mbarara mjini, kisha hushuka kwenye vinamasi na maziwa ya upande wetu. Kwa miaka mingi mji wa Mbarara umepata maji ya bomba kutoka mto huo. Anayekata miti, anayelima au kufyatua matofali ukingoni kule juu anatugusa sisi huku chini.

Mtu mmoja anahitaji kiasi gani?
UNHCR inalenga angalau lita 20 kwa mtu kwa siku, yaani jerikani moja. Wakati wa dharura, kipimo cha chini cha Sphere ni lita 15. Hayo ni ya kunywa, kupika, kuoga na kufua. Maji yakipungua, kunawa mikono ndiko kunakoachwa kwanza, na kuhara kunaingia nyumbani.

Namna ya kupima kijito kidogo
Nendeni watu wawili. Msiingie maji yakiwa yamefurika. Mto mkubwa kama Rwizi waachieni wataalamu.

1. Chagua sehemu iliyonyooka. Pima mita 10 ukingoni, weka kijiti kila mwisho.
2. Pima upana wa maji kwa kamba.
3. Pima kina kwa fimbo mahali 5, kutoka ukingo hadi ukingo. Jumlisha, gawa kwa 5.
4. Tupa kijiti kikavu katikati ya maji. Hesabu sekunde kinazotumia kumaliza mita 10. Rudia mara 3, tafuta wastani. Gawa 10 kwa sekunde hizo. Hiyo ndiyo kasi.
5. Zidisha upana kwa kina kwa kasi, kisha kwa 0.85, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayokwama kwenye mchanga na mawe. Zidisha kwa 1,000 upate lita kwa sekunde.

Mfano wa kujifunzia
Wakati wa mvua: upana mita 1, kina mita 0.2, sekunde 50. Kasi ni 0.2. Tunapata lita 34 kwa sekunde, yaani lita 2,937,600 kwa siku. Ukigawa kwa 20, ni watu 146,880! Mimi nilipojifunza hesabu hii nilifurahi nikafunga daftari. Lakini usifunge bado.

Kiangazi, kijito kilekile: upana mita 0.5, kina mita 0.06, sekunde 100. Tunapata lita 2.55 kwa sekunde, yaani lita 220,320 kwa siku. Sasa tuanze kutoa:

- Tuache nusu kwa ajili ya kijito chenyewe, samaki na majirani wa chini. Zinabaki lita 110,160.
- Kama hakuna tangi, maji ya usiku yanapita tu. Tukichota saa 12 za mchana, zinabaki lita 55,080.
- Ng'ombe 500, kila mmoja akinywa lita 40, wanamaliza lita 20,000. Zinabaki lita 35,080.

Gawa kwa 20: watu 1,754. Hiyo ndiyo namba ya kupeleka kwenye mkutano. Umeona pia faida ya tangi: likihifadhi maji ya usiku, tunaongeza lita 55,080 bila kukinyima kijito sehemu yake.

Mambo ya kukumbuka
- Pima kiangazi, maji yakiwa machache kabisa. Rudia kila mwezi na uandike tarehe.
- Waulize wazee na wafugaji kama kijito huwahi kukauka kabisa. Kikikauka hata wiki mbili, msikitegemee peke yake.
- Maji mengi si lazima yawe salama. Ya kijito na ya ziwa yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kunywa, na jerikani iwe safi na yenye kifuniko.

Zoezi: Kijito kina upana wa mita 0.8, kina mita 0.1, na kijiti kinatumia sekunde 80. Kamati haina tangi, na ng'ombe ni 300. Kinatosha watu wangapi? Fanyeni hesabu na jirani zako, halafu mpelekee mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji chenu kabla kiangazi hakijaingia.